Jirani Anajenga: Hatua za Kufuata Ujenzi Ukikutia Wasiwasi

Maswali ni yale yale. "Jirani ameanza kuchimba, nina haki ya kuona kibali chake?" "Malori yametumalizia barabara na watoto wanapita hapo hapo, nimwambie nani?" "Ukuta wangu umepasuka tangu waanze kushindilia, nani atalipa?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe: unaanza na nini, unafuata nini, na ukikwama unafanyaje.

Mwongozo huu hautakufundisha namna ya kumzuia jirani asijenge. Mwenye kiwanja na kibali ana haki ya kujenga, hata kama ghorofa yake itakuzibia upepo. Unachoweza kudai ni kwamba ajenge kile alichoruhusiwa, asikubomolee, na asiue mtu barabarani. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya manispaa na manispaa, kwa hiyo vifungu utaviulizia kwenu. Kukusanya ushahidi na kuuliza swali linalojibika ni kazi ile ile popote ulipo.

Kwanza: je, hii ni dharura?

Ukiona lolote kati ya haya, acha kusoma. Toa watu ndani, kaa mbali, kisha piga simu kwa zimamoto au polisi:

- Nyufa mpya kwenye nguzo au boriti, hasa zinazokua ndani ya saa chache.
- Milio ya kupasuka, au lipu inayodondoka yenyewe.
- Milango na madirisha yaliyokuwa yakifunguka vizuri jana, leo yamekaza ghafla.
- Ukuta au uzio ulioinama kuelekea shimo, au ardhi iliyotitia kando ya msingi wako.
- Harufu ya gesi, au waya wa umeme uliokatika na kuanguka.

Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yakafungwa, lakini mafundi cherehani wa viwanda vya juu waliambiwa warudi kazini. Ukitoka nje na baadaye mhandisi akasema hapakuwa na tatizo, umepoteza usiku mmoja tu.

Kama hali si hiyo, endelea.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye kamera, tarehe na saa zake zikiwa sahihi.
- Tepu ya kupimia, ya mita 5 au zaidi, na rula inayoonyesha milimita.
- Penseli na daftari lililoshonwa. Usitumie karatasi huru. Zinapotea, na mtu anaweza kudai umeziongeza baadaye.
- Nakala ya hati yako au ramani ya upimaji inayoonyesha mipaka. Ihakiki kwanza wewe mwenyewe. Kuna malalamiko mengi yaliyofia hapa, pale ilipogundulika kwamba uzio wa mlalamikaji ndio uliovuka mpaka.
- Majirani wawili au watatu walio tayari kuandika majina yao. Walio tayari kulalamika tu bila kutia saini hawahesabiki.

Hatua ya 1: Gawa malalamiko yako mafungu matatu

Chukua ukurasa mmoja, andika kila kinachokuudhi, kisha weka alama kwenye kila kimoja: ni kero, ni hatari, au ni ukiukaji wa kibali?

Kero ni kelele, vumbi, mafundi wanaoegemea uzio wako, redio. Hatari ni shimo lisilozungushiwa, jukwaa la mafundi linaloyumba, lori linalorudi nyuma bila mtu wa kuliongoza. Ukiukaji ni jambo ambalo kibali hakikuruhusu: ghorofa ya ziada, ukuta uliobana mpaka, nyumba ya kuishi inayogeuka kuwa gereji.

Mgawanyo huu una maana kwa sababu kila fungu lina mlango wake. Kero humalizwa na msimamizi wa saiti, au uongozi wa mtaa. Hatari huenda kwa mkaguzi wa majengo na kwa mamlaka ya usalama kazini. Ukiukaji huenda kwenye ofisi iliyotoa kibali. Ukivichanganya vyote katika barua moja, afisa atajibu kile chepesi, yaani kelele, na faili litafungwa.

Hatua ya 2: Piga picha nyumba yako leo

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii, tena kabla hawajaanza kuchimba. Ufa usio na picha ya "kabla" ni vigumu mno kuudai. Mjenzi atasema ulikuwepo, na wewe hutakuwa na la kumwonyesha.

Pita chumba baada ya chumba. Kwa kila chumba piga picha nne, moja kutoka kila pembe, halafu dari, halafu sakafu. Toka nje: kuta zote, uzio, tangi la maji, vifuniko vya chemba, ngazi, njia ya gari. Anza na picha ya mbali inayoonyesha ni mahali gani, ndipo usogee karibu. Picha ya karibu peke yake haina maana. Ufa bila chumba unaweza kuwa wa nyumba yoyote.

Piga picha pia za nyufa ulizonazo tayari. Watu huzificha wakidhani zitawaharibia kesi, ilhali kinachotokea ni kinyume: ukionyesha kwa uaminifu nyufa 6 za zamani, ile ya 7 itaaminika.

Kwa kila ufa wa zamani fanya hivi:

a) Chora mstari mfupi wa penseli penye ncha zake mbili, uandike tarehe. Ufa ukirefuka utauona umepita mstari.

b) Chagua sehemu moja, iwekee alama, upime upana wake kwa rula. Siku zote pima hapo hapo.

c) Kama unaweza, paka kiraka chembamba cha jasi juu ya ufa. Kiraka kikipasuka, ukuta unatembea.

Ukimaliza, jitumie picha zote kwa barua pepe siku hiyo hiyo ili tarehe isibishaniwe. Kwenye miradi mikubwa mkandarasi mwenyewe huajiri mtaalamu wa kukagua nyumba za jirani kabla ya kuanza. Mruhusu aingie, fuatana naye chumba kwa chumba, na udai nakala yako. Usitie saini ripoti ambayo hujaisoma.

Upana wa ufa unasema nini? Kipimo ambacho wahandisi wengi hukitumia, kilichotokana na watafiti wa majengo wa Uingereza, kinakwenda takriban hivi: hadi milimita 1 ni ufa mdogo sana, rangi na lipu vinatosha, hadi milimita 5 bado ni wa kuziba, ingawa milango inaweza kuanza kukaza, milimita 5 hadi 15 ni uharibifu wa kati unaohitaji fundi mjuzi na pengine kujengea upya sehemu, zaidi ya 15 ni mbaya. Ila upana si kila kitu. Ufa wa milimita 2 unaokua kila wiki unanitisha kuliko wa milimita 4 uliotulia miaka kumi.

Hatua ya 3: Tazama shimo, ukiwa nje ya uzio

Usiingie saiti. Ni kosa, ni hatari, na linampa mjenzi sababu ya kukugeuzia kibao. Tazama kutoka kwako.

Swali ni moja: shimo lina kina gani ukilinganisha na umbali wake kutoka nyumba yako? Kama kina kinazidi umbali, kwa mfano shimo la mita 3 lililo mita 2 kutoka ukutani kwako, kuna uwezekano mkubwa kwamba wanachimba udongo unaobeba msingi wako. Hiyo si hesabu ya mhandisi, ni kipimo cha kukuambia kwamba sasa mhandisi anahitajika. Uingereza na Wales wana sheria ya mwaka 1996 inayomtaka anayechimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, kwenda chini zaidi ya msingi wa jirani huyo, ampe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla. Uliza kama kwenu kuna sharti la namna hiyo.

Angalia pia kifusi kimerundikwa wapi. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 hadi 2, na uzito huo ukikaa ukingoni mwa shimo unasukuma. Mwezi Juni 2009 huko Shanghai, jengo la ghorofa 13 lililokuwa halijahamiwa lilianguka zima zima, likalala kifudifudi. Upande mmoja walikuwa wamechimba shimo la mita 4.6 kwa ajili ya maegesho ya chini, na upande wa pili wakarundika udongo mwingi uliotoka huko. Mfanyakazi mmoja alifariki.

Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka mtaro wenye kina cha futi 5, yaani kama mita 1.5, uwe na kinga ya kuzuia kingo zisiporomoke, na kifusi kikae angalau futi 2 kutoka ukingoni. Hata kama hukai huko, namba hizo zinakusaidia kujua cha kutazama: je, kuta za shimo zimekingwa kwa mbao au chuma, au zimekatwa kwa mteremko? Au zimesimama wima, uchi, na mvua inakuja?

Jengo likishapanda juu, tazama mirunda, yaani nguzo za muda zinazoshikilia sakafu mpya. Zege hupimwa nguvu yake kwa siku 28; likiwa na siku 7 huwa limefika kama theluthi mbili tu. Kumwaga sakafu mpya kila wiki si kosa lenyewe. Kosa ni kung'oa mirunda ya chini mapema ili ikatumike juu. Ukiona hivyo, piga picha yenye tarehe na uiweke kwenye fungu la hatari.

Hatua ya 4: Soma bango

Sehemu nyingi sheria inataka saiti iwe na bango linaloonyesha jina la mradi, mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi, msanifu na namba ya kibali. Lipige picha. Namba ya kibali ndiyo unayoitaka zaidi. Ukiwa nayo, karani wa masijala anafungua faili dakika hiyo. Ukienda na maneno "yule anayejenga karibu na msikiti", utaambiwa urudi kesho.

Hakuna bango? Andika hivyo kwenye daftari, piga picha ya lango lisilo na kitu. Kukosekana kwa bango hakuthibitishi kwamba kibali hakipo, ila mara nyingi ni ukiukaji unaojitegemea, na ni rahisi kuuthibitisha kuliko mwingine wowote.

Hatua ya 5: Ongea na msimamizi kabla ya ofisi

Nenda asubuhi, kazi haijachangamka. Usiende na kundi. Usiende na hasira za kelele za jana usiku. Jitambulishe, eleza jambo moja, omba jambo moja:

"Habari za kazi, fundi. Mimi naishi nyumba hii ya pili. Lori la kokoto linaposhusha linaziba njia yote na watoto wanatembea katikati ya barabara. Naomba mshushie ndani, au muweke mtu wa kuongoza magari wakati wa kwenda na kutoka shule. Naweza kupata namba yako?"

Kero nyingi huishia hapa. Msimamizi hataki ofisi ya manispaa langoni kwake. Ukirudi nyumbani mtumie ujumbe mfupi: "Asante kwa mazungumzo ya leo, tumekubaliana kokoto zishushwe ndani kuanzia kesho." Sasa una maandishi.

*Angalizo:* usimalizane na kibarua. Hana mamlaka ya kuahidi chochote, na akikubali jambo ambalo bosi hakulijua ataponzwa yeye.

Hatua ya 6: Omba kuona kibali na ramani

Nenda ofisi iliyotoa kibali, idara ya mipango miji au ujenzi. Usiulize "hivi wana kibali kweli?" Jibu litakuwa "ndiyo" na utarudi nyumbani. Omba hivi: "Naomba kuona kibali namba fulani na ramani zilizoidhinishwa za kiwanja namba fulani." Kama si utaratibu kuwaonyesha majirani ramani nzima, omba ujulishwe mambo haya tu:

- Namba ya kiwanja. Kibali ni cha kiwanja hicho hasa, au cha kingine cha mmiliki huyo huyo?
- Matumizi: makazi, biashara, karakana, hosteli?
- Idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa.
- Umbali wa kuacha kutoka mpaka wako na kutoka barabara.
- Tarehe ya mwisho. Vibali huisha muda, na saiti iliyolala miaka mingi kisha ikaamka inaweza kuwa inafanya kazi kwa karatasi iliyokufa.
- Masharti yaliyoambatishwa: saa za kazi, njia ya malori, mifereji ya maji, uzio.
- Hatua zilizokwisha kukaguliwa, na tarehe zake.

Hapo pa ghorofa tulia kidogo. Nguzo na msingi husanifiwa kwa uzito maalumu. Mtu aliyeruhusiwa ghorofa 3 akajenga 5 amebebesha nguzo zile zile mzigo ambao hakuna aliyeupigia hesabu. Rana Plaza niliyoitaja pale juu, ghorofa zake za juu zilijengwa bila kibali. Kwa hiyo ukihesabu na kukuta tofauti, hilo ni la fungu la hatari na la ukiukaji kwa pamoja. Liweke mstari wa kwanza.

*Angalizo:* ukihesabu ghorofa, uliza wanavyohesabu wao. Pengine ya chini haihesabiwi, au iliyo chini ya ardhi ina hesabu yake. Barua nzuri huharibika kwa kosa dogo kama hilo.

Hatua ya 7: Kagua barabara

Ujenzi unaweza kuwa halali kabisa na bado ukaua mtu mbele ya lango. Hapa huhitaji kibali cha mtu kukagua. Barabara ni ya umma. Tembea mita 100 kila upande, ukijifanya wewe ni mtoto wa miaka 7, kisha mtu anayesukuma kiti cha magurudumu, kisha dereva wa usiku.

Njia ya waenda kwa miguu ipo bado? Kiti cha magurudumu kinahitaji kama sentimita 90 kupita na kama mita 1.5 kugeuka. Rundo la mchanga likibakiza sentimita 60, basi njia imefungwa, hata kama kijana mwenye afya anapenya.

Mchanga na kokoto vimekaa wapi? Kokoto chache zilizotawanyika juu ya lami zinamwangusha mwendesha pikipiki. Mchanga ukiteleza hadi mtaroni, mvua ya kwanza italeta mafuriko kwa nyumba za chini, na hakuna atakayekumbuka chanzo.

Malori yanaingiaje? Dereva wa lori haoni mtu aliye karibu sana mbele ya bampa, wala wa ubavuni, wala wa nyuma. Kama linarudi nyuma kuingia barabarani bila mtu wa kuliongoza, piga video fupi. Video ya sekunde 20 inaeleza kuliko kurasa mbili.

Usiku kuna nini? Rudi saa 2 usiku. Shimo lililozungushiwa utepe wa plastiki mchana linaonekana. Usiku utepe huo si kitu. Panahitajika kizuizi kigumu na taa.

Juu kuna nini? Jukwaa linaloning'inia juu ya njia bila paa la kinga, matofali yaliyopangwa ukingoni, na zaidi ya yote nyaya za umeme. Kanuni za Marekani huweka umbali wa futi 10, kama mita 3, kati ya vifaa na nyaya za kawaida za mtaani. Fundi anayeinua nondo ya mita 12 karibu na waya haoni ncha ya pili inakoelekea. Hili ni la kampuni ya umeme, na simu inatosha, usisubiri barua.

Na kama wanabomoa jengo la zamani lenye bati za asbesto, zile nzito za kijivu zenye mawimbi, funga madirisha na toa taarifa mara moja. Vumbi lake husababisha saratani, na haziruhusiwi kuvunjwavunjwa ovyo.

Hatua ya 8: Andika daftari

Kila tukio: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, ulichokiona, namba ya lori kama ipo, nani mwingine aliona. Usiandike maoni. "Walituharibia usingizi makusudi" haisaidii. "Saa 5:10 usiku hadi 7:40 usiku, mashine ya kuchanganya zege, lori 3" inasaidia. Kwa kelele, programu za kupima za simu zinatofautiana mno kutegemewa peke yake. Ongeza maelezo ya kawaida. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye mita moja akusikie, kelele hizo ziko karibu na desibeli 85, kiwango ambacho kazini masikio huanza kuhitaji kinga.

Hatua ya 9: Andika barua fupi

Ukurasa mmoja. Jambo moja, au mawili yanayofanana. Ombi lijibike kwa "ndiyo", "hapana" au tarehe. Mfano:

YAH: OMBI LA UKAGUZI WA SHIMO LA MSINGI, KIWANJA NAMBA ___, MTAA WA ___

Mimi ni mkazi wa nyumba inayopakana na kiwanja tajwa hapo juu, upande wa mashariki. Uchimbaji ulianza tarehe ___. Kufikia leo shimo linakadiriwa kuwa na kina cha mita ___, na liko mita ___ kutoka ukuta wangu. Kingo hazina kinga. Ufa uliokuwa na upana wa milimita 1 tarehe ___ sasa una milimita 3 (picha namba 1 hadi 4 zimeambatishwa).

Naomba: (1) mkaguzi afike saiti kabla ya tarehe ___, (2) nijulishwe kwa maandishi kama ramani zilizoidhinishwa zina usanifu wa kuzuia udongo, (3) uchimbaji wa upande wangu usimame hadi ukaguzi ufanyike.

Nakala: mkandarasi, ofisi ya mtaa, mamlaka ya usalama kazini.

Toa nakala mbili. Moja iache masijala, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo. Barua isiyo na muhuri haikuwahi kufika, hata kama ulimkabidhi mkurugenzi mkononi. Kama ni kwa barua pepe, omba jibu la kuthibitisha na uandike namba ya kumbukumbu.

*Angalizo:* usitaje rushwa kama huna ushahidi. Sentensi moja ya "tunajua mmekula naye" inageuza suala la shimo kuwa suala la heshima ya afisa, na shimo litasahaulika.

Hatua ya 10: Fuatilia, kisha panda ngazi

Kwa hatari, rudi baada ya siku 2. Kwa ukiukaji, wiki 2 zinatosha. Nenda na nakala yenye muhuri, uliza faili liko kwa nani. Jina la meza iliyolishikilia ni habari muhimu kuliko ahadi. Kimya kikiendelea, andika barua ya pili kwa ngazi ya juu, uambatishe ya kwanza; usianze hadithi upya. Diwani au mwakilishi wenu anafaa kuanzia hapa, si kabla. Akipewa karatasi zilizopangwa anaweza kuuliza swali kwenye kikao. Akipewa malalamiko ya mdomo atawapa pole.

Mkienda wengi, teueni msemaji mmoja. Saini 15 za wakazi walioandika namba za nyumba zao zina uzito kuliko 200 zilizokusanywa sokoni.

Ukikwama

*"Wananiambia kibali kipo, niende zangu."* Uliza swali la pili: ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, na jengo lililopo linalingana na ramani? Hilo la kulingana hawawezi kulijibu wakiwa mezani.

*"Wamekataa kunionyesha chochote."* Nchi nyingi zina sheria ya haki ya kupata taarifa, yenye muda maalumu wa kujibiwa. Peleka ombi la maandishi ukiitaja sheria hiyo, na uombe wakikataa waandike sababu.

*"Walisimamishwa, sasa wanajenga usiku na siku za sikukuu."* Hiyo ndiyo kesi nyepesi kuliko zote. Piga picha amri iliyobandikwa, piga picha kazi inayoendelea, saa zionekane. Peleka asubuhi yake. Kupuuza amri ni kosa jipya, huhitaji tena kubishana juu ya lile la kwanza.

*"Sikupiga picha mapema, na ufa umetokea."* Tafuta picha za familia zilizopigwa sebuleni, video za sherehe, picha za fundi aliyepaka rangi. Ukuta huwa unaonekana nyuma ya watu. Ndani ya ufa pia kuna dalili: ufa wa zamani una vumbi, rangi na utando wa buibui ndani yake, mpya kingo zake ni kali na safi. Usiuzibe hadi mhandisi aone.

*"Mjenzi anataka kunilipa tumalizane."* Unaweza kukubali, lakini si kabla ya uchimbaji na ushindiliaji kuisha. Ukisaini leo kwamba huna madai, ufa wa mwezi ujao ni wako. Maandishi yataje nyufa zipi zinalipwa, na kwamba zitakazotokea baadaye hazimo.

*"Natishwa."* Ripoti polisi upate namba ya tukio, kisha barua zote zitoke kwa jina la kikundi cha wakazi. Usiende tena saiti peke yako.

*"Mradi umekufa, shimo limebaki na limejaa maji."* Shimo la namna hii ni la kuzama watoto, kwa hiyo usililete kama suala la ujenzi. Andika "hatari kwa maisha", omba uzio mgumu ndani ya saa 48 na maji yaondolewe. Mwenye kiwanja anawajibika hata kama mkandarasi ametoroka.

*"Jengo limekamilika, barabara yetu imeachwa mashimo."* Wahi kabla hawajahamia. Mahali pengi jengo halikaliwi bila cheti cha ukaguzi wa mwisho, na hapo ndipo mwenye jengo anakihitaji kitu kutoka ofisini. Peleka picha za barabara ya kabla na ya sasa kwa afisa anayesaini cheti hicho, uombe ukarabati wa lami, njia ya miguu na mtaro uwe sharti la kukitoa.